Uliwahi kutoa albamu ya rap hapa Mombasa? Tupeane uzoefu

mchanaji_mstaafu
Jana nimeenda kwa mamangu Mikindani. Kufika uani nikakuta amenitundika. CD zangu, moja moja kwa uzi, juu ya kamba aliyoanikia ng'onda, wale samaki wa kukausha, eti za kufukuzia kunguru. Uso wangu wazunguka na upepo. Nikamwuliza, "Mama, hizi si za kuuza?" Akanijibu bila kugeuka, "Umeuza ngapi tangu 2009?"

Nilichapisha 1,000. Nimeuza 63, na hapo nimehesabu tano za mjomba ambaye hana hata mashine ya kuchezea. Waliotoa albamu mji huu, semeni ilikuwaje. Msicheke sana.

kachiri_na_pilipili
Kwani kunguru waziogopa kweli? Wa huku Kisauni hata mawe hawaogopi.

mchanaji_mstaafu
Hawaogopi. Mmoja nimemkuta ameikalia.

wa_magongo
Umenifukulia kitu nilichokwisha kukizika. 2007. Nyimbo kumi na mbili, studio ya chumba kimoja Magongo, magodoro ukutani kuzuia kelele za malori yaendayo bandarini. Na bado wimbo wa nne ukiusikiza vizuri utasikia honi ya trela. Prodyuza akasema tuiache, yaleta ladha.

Pesa ya kuchapisha niliuza pikipiki. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja Nairobi, bei yake ilikuwa chini ya kila mtu (hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa na miaka 22). CD 500. Zikaja na basi la usiku, nikazipokea Mwembe Tayari alfajiri ya siku yenyewe ya uzinduzi. Nafungua katoni, naona kava langu: nimesimama chini ya pembe za ndovu Moi Avenue, nimekunja uso kama nadai mtu. Ndugu zangu, nililia pale pale kituoni. Na sikujaribu hata moja. Nani hujaribu mtoto wake?

Jioni ukumbi ukajaa. Nilichana mpaka sauti ikakauka. CD 300 bob, nikauza 140. Elfu arobaini na mbili mfukoni, nikalala na suruali.

Asubuhi simu ya kwanza, beshte yangu: "Hii ni staili mpya?" Sikuelewa. Ya pili, makanga wa Magongo, gari limejaa watu waendao kazini, naye ameiweka kwa sauti ya juu: "Wewe umeokoka lini?"

Kwaya. CD zote, kwaya ya kanisa, pambio za Kikamba. Nje uso wangu umekunjwa, ndani Bwana asifiwa. Na babangu, mzee wa msikitini, asiyetaka kabisa kusikia habari za rap, usiku ule alikuwa amenunua moja kimya kimya kunitia moyo. Akaiweka sebuleni baada ya Ijumaa, mbele ya wageni.

Yule jamaa hakushika simu tena. Watu kama tisini niliwarudishia pesa. Kuna jirani mmoja, mama Mkamba, alikataa kurudisha yake, tena akaja kutaka tano zaidi za dada zake Machakos. Akalipa 300 kila moja, hakuomba kupunguziwa. Ndiye mteja pekee aliyewahi kurudi.

binti_likoni
Niko kwa feri nacheka peke yangu, watu wamesogea mbali nami.

kachiri_na_pilipili
Ngoja kwanza. Kama wewe ulipata kwaya, kwaya walipata nini?

wa_magongo
Hilo ndilo huniamsha usiku mpaka leo. Kuna kanisa mahali lilifungua katoni, mwalimu wa kwaya akabonyeza, akatoka mimi nawatusi polisi kwa mistari kumi na sita.

binti_likoni
😭😭😭 Yarabi.

mzee_wa_biti
Mwacheka lakini shida ni moja, mwatoa kitu bila kuangalia soko. Hata huko Marekani. Mchanaji 50 Cent alisema akishindwa mauzo na mwenzake Kanye West ataacha albamu za peke yake, akashindwa, akaacha. Huo ndio uanaume.

hesabu_hesabuni
Mzee, hakuacha. Albamu zote mbili zilitoka 11 Septemba 2007, Kanye akauza kama 957,000 wiki ya kwanza, 50 kama 691,000. Mwaka 2009 huyo 50 Cent katoa nyingine.

mzee_wa_biti
Nimesema aliacha kwa moyo.

hesabu_hesabuni
Haya.

wa_magongo
Yaani mtu auza 691,000 kwa wiki aitwa ameshindwa. Mimi ukinitolea hizo sufuri tatu nalipa deni la pikipiki.

hesabu_hesabuni
Mchanaji, usife moyo. Illmatic, albamu ya mchanaji Nas wa Marekani, ilipotoka 1994 iliingia namba 12 tu kwenye chati ya huko kwao, na platinamu, yaani nakala milioni, ikafika 2001. Miaka saba. Na leo kila mtu aapa kwa hiyo albamu.

mchanaji_mstaafu
Yangu ina zaidi ya hiyo saba. Iko kwenye kamba ya ng'onda.

kibandani_zamani
Niseme ukweli, mnitukane nikimaliza. Mimi nilikuwa na kibanda cha CD miaka ile. Albamu zenu nilizichoma, yaani nilizinakili. Diski moja, nyimbo zaidi ya mia, wachanaji wa Pwani wote pamoja, 100 bob, wakati mwingine 50. Nikiletewa asili asubuhi, adhuhuri iko mezani. Kava nilikuwa napiga fotokopi nyeusi na nyeupe.

wa_magongo
Na wasema hivyo bila haya?

kibandani_zamani
Haya ninazo. Lakini nani aliyewajua Malindi na Kwale kama si mimi? Dereva akitoka kwangu na ile diski, mwasikika mpaka Lunga Lunga. Nyinyi mwataka 300 kwa nyimbo kumi na mbili, tano kati yake ni utangulizi na salamu za mama.

mchanaji_mstaafu
Ami, nilikopa chama cha wanawake kurekodi. Mamangu ndiye alikuwa mdhamini. Wewe wanisomea hesabu za nyimbo.

mzee_wa_biti
Mwizi ni mwizi.

kibandani_zamani
Mzee, wewe ulikuwa mteja wangu. Nakujua hata kwa hiyo picha.

mzee_wa_biti
Nilikuwa nafanya utafiti.

prodyuza_bombolulu
Jamani shukeni. Nami nilikuwa upande ule wa pili wa kioo. Wachanaji hawajui kwamba diski zilikuwa ni nusu ya shughuli. Kuna mtangazaji mmoja, redio siitaji, kila ukipeleka wimbo akuuliza "umekuja mikono mitupu?" Ukimpa, wapigwa wiki moja saa tisa usiku, walinzi na wavuvi ndio wakusikiao. Halafu ile pesa ya mirabaha: msanii wangu mmoja, wimbo wake ulichezwa mji mzima mwaka mzima, siku moja akanionyesha ujumbe wa M-Pesa. Alidhani ni mtu amekosea namba.

binti_likoni
Ilikuwa ngapi?

prodyuza_bombolulu
Haikufika nauli ya basi ya kwenda Nairobi kuuliza kwa nini ni kidogo.

kachiri_na_pilipili
Lakini kundi la rap la Ukoo Flani walitoka hapa hapa na nchi nzima ikawajua.

prodyuza_bombolulu
Jina ni kitu, diski kuuzika ni kitu chengine. Siku hizi wekeni Skiza, ule wimbo mtu ausikia akikupigia simu. Mtu apiga *811#, achagua wimbo, basi. Hakuna katoni, hakuna kwaya.

hesabu_hesabuni
Na kusikilizwa mtandaoni kwahesabika. Kuanzia Desemba 2014 mpaka 2018, Billboard, wale wapangao chati za muziki Marekani, walihesabu mara 1,500 za kusikizwa kuwa albamu moja.

wa_magongo
Mara elfu moja na mia tano nipate CD moja? Bora yule mama Mkamba.

binti_likoni
Ushauri wangu: imbeni harusini. Kakangu alichana miaka sita bila senti, alipoanza kumwimbia bwana harusi jina lake, kanunua tuktuk.

mzee_wa_biti
Usiimbe harusini, utapoteza heshima.

binti_likoni
Heshima haitii mafuta tuktuk, mzee.

kachiri_na_pilipili
Mie nilitoa mixtape 2012. Kava zilizobaki nilimpa muuza njugu wa Mama Ngina, akasokotea. Jumamosi moja nikaona msichana ala njugu huku asoma majina ya nyimbo zangu mpaka mwisho, kisha akatupa. Hakuna aliyewahi kuisoma ile kava kwa makini vile.

kibandani_zamani
Mchanaji, niuzie moja. Asili. Nalipa 300 nzima, usinipunguzie.

mchanaji_mstaafu
Nimempigia mama simu. Asema chukua ile ya mwisho kwenye kamba, ndiyo pekee haina mavi ya kunguru. Na alete 350, uzi nao ni wa kununua.