Uhakiki wa hip hop ya andagraundi na elektroniki: mnachimba wapi, mnasikilizaje?

Chalii wa Sakina

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao naanzisha chaneli ya WhatsApp ya uhakiki kwa Kiswahili: kila Ijumaa kazi tatu mpya, mbili za hip hop ya andagraundi na moja ya elektroniki, iwe singeli (ule muziki wa kasi wa Dar) au kitu kigeni zaidi ya hapo. Walengwa ni watu wa Arusha na Moshi waliochoka kusikia nyimbo zilezile redioni asubuhi mpaka usiku.

Naomba msaada kwenye mambo manne. Kwanza kuchimba, maana programu za muziki zinaniletea majina makubwa tu. Pili bando: nina GB 2 kwa wiki, zitoshe kila kitu. Tatu, nitajuaje kwamba besi imeharibikia studio na si kwenye earphone zangu za elfu tano? Nne, nataka kuandika kuhusu michano kwa undani, nisiishie kwenye "jamaa anachana hatari". Vifaa ni simu ya Android na laptop ya zamani.

Dada wa Njiro

Mdogo wangu, fuata majina. Ukurasa wa mbele wa programu unapangwa kwa kilichokwisha sikilizwa na wengi, kwa hiyo andagraundi haiwezi kukaa hapo. Ila nyuma ya kila wimbo kuna prodyuza, kuna aliyemiksi, kuna aliyefanya masteringi (umaliziaji wa sauti baada ya kumiksi), na mara nyingine kuna lebo. Waandike kwenye jedwali, kila mmoja safu yake, pamoja na tarehe na mahali ulipousikia. Baada ya wimbo wa thelathini utaona majina matano sita yanajirudia. Hao ndio wa kuwafuata, kuliko hata wasanii wenyewe.

Nikupe njia moja yote. Chukua mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Humo unaokota Sisso mwenyewe, Bamba Pana na Jay Mitta. Ukimfuata kila mmoja unafika albamu zao: Poaa ya Bamba Pana ya 2018, kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Mateso ya Sisso, zote za 2019. Ukiifuata lebo badala ya watu, unakutana na lebo dada yake, Hakuna Kulala. Kule yupo Slikback wa Nairobi, na yupo MC Yallah, ambaye Yallah Beibe yake ya 2023 inakaa pale pale unapopataka wewe, hip hop na elektroniki kwenye kiti kimoja. Mkusanyiko mmoja umekupa kazi za kusikiliza mwezi mzima, na hukubahatisha hata mara moja.

Kwenye Bandcamp, mtandao ambako wasanii huuza albamu zao, shuka chini ya ukurasa wa albamu, utakuta alama za aina ya muziki na mara nyingi jina la mji. Bonyeza alama, panga kwa mpya kwanza. Kisha angalia picha ndogo za walionunua. Bonyeza mmoja, unaona kila alichowahi kununua. Mwenye albamu 80 ana ladha yake na utaielewa. Mwenye albamu 4,000 anakusanya kila kitu, mpite. SoundCloud nako fungua ukurasa wa prodyuza uende moja kwa moja kwenye nyimbo alizozipenda. YouTube chuja kwa wiki hii, andika "prod" na jina la mtaa: Ngarenaro, Unga Limited, Majengo, Pasua. Studio ndogo hupenda kuweka jina lao na la mtaa kwenye kichwa cha video, na hapo utakuta wimbo umetazamwa mara 60 tangu juzi.

Bando: muziki wa 128 kbps (kiasi cha data kwa sekunde) unakula karibu MB 1 kwa dakika. Kazi tatu za dakika 40, kila moja ukiirudia mara tatu, ni MB 360 hivi. Saa kumi za kuchimba ni kama MB 600. Ukinunua albamu moja na kuishusha kwa MP3 ya 320 kbps, weka MB 100, na kwa FLAC, faili lisilopunguzwa ubora, weka 200 hadi 300. GB 2 zinatosha na chenji inabaki. Kinachomaliza bando ni video: shusha ubora hadi 144p unapochimba YouTube, kwa sababu wakati huo unasikiliza, hutazami.

Jambo la mwisho. Kabla hujamhakiki yeyote anayechana juu ya nyimbo za Kimaasai na kuandika kwamba ameleta jambo jipya, kumbuka X Plastaz, kundi la hip hop la hapa hapa Arusha. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ni ya mwaka 2004. Msomaji wako wa Kaloleni anaijua.

Fundi Spika (Kiborloni)

Nikujibu la besi.

Spika ya simu haifikishi chini ya takriban Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) kwa nguvu yoyote ya maana. Besi ya 808, ile nzito ya mashine ya ngoma, sauti yake ya msingi iko kati ya Hz 40 na 60. Kwa hiyo ukisikiliza kwa spika ya simu, unachokisikia ni mkwaruzo wa juu wa ile besi tu, yenyewe hujaisikia. Usiandike neno "besi" kwenye uhakiki kabla hujaisikia kwa hedifoni ya waya inayoziba masikio. Bluetooth iache kwa kazi hii, inabana sauti kwa mara ya pili.

Zima kila kinachoongeza besi kwenye simu na kwenye programu, weka vipimo vyote sifuri. Halafu chagua wimbo mmoja wa kupimia, unaoujua kila kona na umemiksiwa vizuri, na uusikilize dakika mbili kabla ya kazi mpya. Ukisikia besi ya wimbo wa kupimia iko sawa na ya wimbo mpya inavuma kama bati la paa, basi kosa limetoka studio. Zote mbili zikivuma, ni earphone.

Linganisha kwa sauti ya kiwango kimoja. Sikio hudanganywa na ukubwa wa sauti: wimbo ulio juu kidogo tu unaonekana mzuri zaidi. Spotify hushusha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa mpaka -7 unashushwa desibeli 7. Ngoma zake zinabaki bapa, hazina tena pigo la kukustua. Maprodyuza wengi wachanga hubana hivyo wakidhani watasikika zaidi ya wenzao, na matokeo yake ni kinyume kabisa.

Kipimo ninachokihimiza kuliko vyote ni cha mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja. Kwenye Android nenda mipangilio ya ufikivu, washa sauti ya mono, usikilize tena kiitikio. Sauti za nyuma zikipotea, au kinanda kikififia, ujue kuna sauti za kushoto na kulia zinazofutana. Baa nyingi na hiace nyingi hupiga mono au karibu na mono, maana yake wimbo huo utafika kwa watu ukiwa nusu. Hilo ni kosa la kuandika, tena utaje dakika na sekunde.

Kwenye singeli uwe makini. Mkwaruzo wa singeli mara nyingi umekusudiwa. Utautambua hivi: uliokusudiwa uko sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na sauti ya MC inabaki wazi juu yake. Ule wa bahati mbaya hutokea pale tu ngoma kubwa, besi na sauti vikikutana, kisha unatoweka vikiachana. Ukiwa na faili lenyewe, lifungue kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ulivute karibu. Vilele vya wimbi la sauti vilivyokatwa bapa kama ukuta wa matofali utaviona kwa macho.

Msanii akitaka kukutumia kazi, mwambie atume WAV (faili la sauti lisilobanwa) au MP3 ya 320, tena kama hati. Na usiamini kila faili linaloitwa WAV. Lipitishe kwenye programu ya bure inayoitwa Spek: kama kila kitu juu ya kHz 16 (Hz 16,000) kimekatwa kwa mstari ulionyooka, hilo huwa ni MP3 ya 128 iliyovalishwa koti la WAV. Mrudishie kwa upole, mara nyingi naye alipewa hivyo hivyo na studio.

Mwalimu wa Vina (Moshi)

Ndugu, kwenye michano ya Kiswahili watu hukosea kwa kuhakiki kama wanahakiki Kiingereza. Lugha yetu karibu kila neno linaishia na irabu, na vitenzi vinanyambulishwa kwa viambishi vilevile. Kina cha mwisho kwetu ni cha bei rahisi. Tazama:

Mungu kanifanikisha
Wote kawanyamazisha

Mizani, yaani silabi, ni 8 kwa 8, imekaa sawa, na kina kipo. Lakini kilichofanana ni kiambishi cha -isha tu. Sarufi ndiyo iliyofanya kazi, mchanaji hakutafuta chochote. Sasa hii:

Maji yajaa mtaro
Asubuhi Ngarenaro

Mizani ni ileile, ila hapa nomino ya kawaida imegongana na jina la mtaa, na kina kinaanzia kwenye irabu yenye mkazo: -aro na -aro. Tena kuna picha, unayaona maji. Nimezitunga sasa hivi kwa ajili ya mfano, msizitafute popote. Ukihakiki, hesabu vina vya ubeti mmoja, uone vingapi vimetokana na viambishi tu, yaani -isha, -iwa, -iana. Vikizidi nusu, andika hivyo na utoe mifano miwili.

Kisha pima kasi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Biti ya mapigo 90 kwa dakika, ule mzunguko wa mapigo manne unachukua sekunde 2.67, na una nafasi 16 ukigawa kila pigo mara nne. Mshororo wa shairi letu la tarbia (lenye mishororo minne kila ubeti) kwa kawaida una mizani 16. Ndiyo maana Kiswahili kinalala vizuri sana juu ya biti za 85 hadi 95: mshororo mzima unajaa mzunguko mmoja, kama silabi 6 kwa sekunde. Lakini ukijaza nafasi zote, huna pa kuvutia pumzi. Sikiliza anapumulia wapi. Mwenye ujuzi ameacha nafasi mbili tatu tupu kwa makusudi, na asiye nao utasikia sauti imekatwa na kubandikwa, neno linaanza kabla la nyuma halijaisha.

Kwenye singeli ya mapigo 240, mapigo manne yanakwisha kwa sekunde moja. Hakuna ulimi wa kutoa silabi 16 hapo. MC hugawa pigo mara mbili badala ya nne, na bado anatoa silabi 8 kwa sekunde. Kwa hiyo usimlaumu kwa kurudia maneno. Marudio yale ni mahali pake pa kupumzikia, na umma ndio unaoitikia.

Jambo la tatu ni mkazo, na hili halihakikiwi kabisa, jambo linaloniuma. Mkazo wetu kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho, ila maneno machache hutofautiana. Snea, ile ngoma ndogo kali, hupiga pigo la pili na la nne, na silabi inayoangukia hapo inasikika kama ina mkazo. Chukua "barabara". Snea ikigonga silabi ya tatu, "ba", ni njia ya magari. Ikigonga silabi ya pili, "ra", ni "sawasawa kabisa". Mchanaji asiyesikiliza anataja njia ya magari, sikio linasikia jambo jingine. Ukikuta neno limepindwa mkazo bila sababu, liandike, taja na sekunde. Ukikuta limepindwa kwa makusudi ili libebe maana mbili, hapo umepata aya nzima ya kusifia.

Dada wa Njiro kasema vizuri kuhusu majina. Mimi ningeongeza: mara ya kwanza sikiliza bila kuandika, mara ya pili andika nyakati tu, mara ya tatu nukuu mistari. Ukinukuu mara ya kwanza, utanukuu kiitikio, maana ndicho kinachonata.

Chalii wa Sakina

Asanteni sana, nimechapisha uzi mzima niubandike ukutani. Mawili yamebaki. Kulipia Bandcamp kutoka hapa mnafanyaje? Na msanii akituma wimbo pamoja na "hela ya soda", mnamjibu nini?

Dada wa Njiro

Malipo: tengeneza kadi ya mtandaoni kupitia akaunti yako ya pesa kwenye simu, au ya benki, ulipe nayo. Weka kiasi kilichozidi bei kidogo, kwa sababu ya ubadilishaji wa fedha na makato. Kadi yenye hela kamili ya bei hukataliwa. Nunua siku ya Bandcamp Friday kama unaweza. Siku za kawaida wao hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, siku hiyo wanaachia fungu lao. Inahesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo kwetu inaanza saa 4 asubuhi, au saa 5 wakati wa majira yao ya baridi. Siyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, angalia tarehe kwanza.

Hela irudishe siku hiyo hiyo kabla hujasikiliza, na umwambie wimbo utasikilizwa kwa zamu yake. Ukisikiliza kwanza, umekwisha. Akiwa ni rafiki au jirani yako, liseme hilo kwenye mstari wa kwanza wa uhakiki.

Mwalimu wa Vina (Moshi)

Na mstari huo wa kwanza ubebe pia jina la wimbo, msanii, prodyuza, tarehe, urefu na umesikilizia nini. Maneno 200 yanatosha kwa wimbo mmoja. Kabla ya kutuma, mpigie prodyuza uhakikishe jina lake linaandikwaje. Akikuta limekosewa, hasomi mstari wa pili.