Pampu ya laki nne, mpira wa elfu tatu: gereji imeniulia injini ya Impreza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekutana na neno kali anisamehe mapema. Gereji siitaji. Iko hapa Dar, ina bango kubwa, picha za magari ya mbio ukutani na vijana wenye ovaroli safi kuliko shati langu la kazini. Ovaroli ndizo zilizoniingiza mkenge.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, ile bodi ya GDA yenye injini ya EJ205, lita mbili turbo. Nilitaka kuiongezea nguvu kidogo tu. Sishindani na mtu, ni starehe yangu, wengine wananunua viwanja. Jamaa anayeandika upya programu za kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, akaniambia hagusi kitu mpaka pampu ya mafuta ibadilishwe, maana ile ya kiwandani ina zaidi ya miaka ishirini. Nikamwelewa. Turbo ikisukuma hewa nyingi, nozeli nazo zinadai mafuta mengi. Yakipungua, silinda zinapata moto wa kupitiliza na pistoni ndiyo inayolipa.

Pampu niliagiza mwenyewe kupitia ndugu yangu aliyeko Marekani, ya kampuni ya Walbro, lita 255 kwa saa. Mpaka inanifikia mkononi ilikuwa laki nne na ushee. Pale gereji wakanitajia laki mbili, na naomba mnukuu maneno yao: "kuboresha mfumo mzima wa mafuta, bosi." Maana yake, kwa kauli yao wenyewe, ni kufunga pampu, kuweka mipira mipya, na kuvuta waya mnene kutoka betri na relei yake (swichi ya umeme mkubwa), kwa sababu waya wa kiwandani ni mwembamba na pampu kubwa inakula umeme. Nikalipa yote. Nikaenda kula chipsi, narudi kazi imeisha. Saa moja na nusu! Hapo ndipo ningeshtuka.

Jamaa wa programu akapandisha presha ya turbo hadi bar 1.1. Wiki mbili gari ilikuwa raha tupu. Ila kulikuwa na harufu ya petroli kiti cha nyuma. Nikapiga simu, nikajibiwa "itaisha yenyewe, bosi, ni ile iliyomwagika wakati wa kufunga." Nikameza.

Ikaja safari ya Iringa. Mnaujua mlima wa Kitonga: malori yanatambaa, ukipata upenyo unapita haraka au unakaa nyuma ya moshi nusu saa. Nikapata upenyo, nikakanyaga. Gari ikavuta, halafu katikati ikawa kama imeshikwa shati, na chini ya boneti nikasikia sauti kama kokoto kwenye kopo la maziwa. Geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ninayo, na chini ya turbo huwa inasoma 11 na pointi. Baadaye nilipofungua kumbukumbu zake nikakuta pale ilipanda hadi 13.4, na namba ikipanda maana yake mafuta ni machache kuliko hewa. Sikuiona. Nilikuwa natazama lori la mbele, mnataka nitazame nini?

Kufika Ilula, moshi wa bluu nyuma. Silensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa) inatetemeka. Iringa tukapima kompresheni: silinda tatu zinasoma psi 150, 145, 148. Ya nne, 70. Wenye Subaru mnajua ya nne inamaanisha nini: ndiyo inayosifika kwa kufa pistoni.

Gari ilirudi Dar juu ya kerea. Nikampigia fundi wa ile gereji. Bila hata kuuliza gari iko wapi, akasema: "Umejaza mafuta ya njiani, bosi, hayo yamechakachuliwa." Nikamwambia nilijaza Dar nikaongeza Morogoro. Akasema basi pampu yenyewe ni feki. Na humu ndani najua nusu yenu mshafikia hapo hapo, "Walbro feki zimejaa." Ni kweli zimejaa. Ndiyo maana sikubishana, nikaamua kupima.

Nikamwita rafiki yangu fundi umeme. Tukaiwasha pampu kwa umeme wote, siyo kwenye silensa, maana gari hizi zina kontrola inayoipunguzia pampu mwendo injini ikiwa haina kazi, ukipima hapo unajidanganya. Tukauchomoa mrija wa vakyumu wa regyuleta, kile kidhibiti cha presha ya mafuta, ili presha ikae psi 43, mpira wa kurudisha mafuta tukauelekeza kwenye dumu, tukashika saa. Pampu ya lita 255 kwa saa ni kama lita mbili ndani ya sekunde 30. Sisi tulipata lita moja na kidogo. Na hiyo ni bila turbo. Turbo ikisukuma bar 1.1, regyuleta inapandisha presha ya mafuta nayo kwa kiasi hicho hicho, karibu psi 59, na pampu yoyote ikikandamizwa zaidi inatoa kidogo zaidi.

Tukang'oa kiti cha nyuma, tukafungua kifuniko upande wa kulia, tukaivuta pampu nje. Wakuu, nilikaa chini.

Kwanza, ringi ya mpira ya kifuniko ilikuwa imejikunja nusu. Hiyo ndiyo "harufu itaisha yenyewe." Pili, waya za pampu zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi ya umeme. Ndani ya tenki la petroli! Gundi yote imeyeyuka, tepu inaning'inia kama utumbo wa dagaa. Waya mnene kutoka betri haupo, relei haipo. Voltimita inasoma 13.8 kwenye betri na 10.9 kwenye soketi ya pampu.

Tatu, mpira. Kile kipande kifupi kinachotoka kwenye pampu kwenda kwenye bomba la juu. Wameweka mpira wa kawaida wa mafuta, ubavuni umeandikwa 30R7. Huo ni wa kupitisha petroli ndani yake, haukutengenezwa kulowekwa. Unaozama ndani ya tenki ni 30R10, na hata madukani ukiutaja wanakushangaa. Wa kwangu ulikuwa umevimba, umelainika kama bamia, na chini ya klampu una mpasuko wa kama sentimita moja. Presha ikiwa ndogo unavuja kidogo. Presha ikipanda unafunguka kama mdomo wa samaki, na mafuta yaliyotakiwa kwenda kwenye nozeli yanarudi tenkini.

Tukafunga mpira sahihi, pampu ile ile, waya zile zile mbovu. Sekunde 30, lita moja na nusu na ushee, na hiyo ni kwa umeme pungufu. Sasa hiyo pampu feki iko wapi?

Kuna kipande cha mpira huo walikisahau kwenye buti. Nimekitumbukiza kwenye chupa ya petroli tangu wiki iliyopita. Leo kimenenepa kama kidole gumba.

Nimeenda na vitu vyote pale gereji. Meneja ananiambia risiti niliyonayo siyo yao. Kweli, ni kikaratasi cha daftari, mashine ya EFD "ilikuwa mbovu siku hiyo." Ninachotaka ni laki mbili yangu na gharama ya injini, ambayo nimeambiwa niandae si chini ya milioni tatu. Aliyewahi kupeleka kesi ya gereji Tume ya Ushindani au mahakamani akiwa na ujumbe wa simu tu bila risiti anieleze alifikia wapi. Na wale wa "pole mkuu, uza nunua Toyota," leo nipisheni.

NYONGEZA, saa nne usiku: Meneja kapiga simu. Kumbe wanasoma humu. Anasema yuko tayari kunirudishia laki moja, ila uzi huu niufute kwanza. Nikamuuliza, ule mpira mliufunga au hamkuufunga? Akasema, "Bosi, mipira yote ni mipira." Nikamwambia aje aione chupa. Kakata simu.