Nimeshtakiwa Texas kwa kuendesha gari wakati leseni imesimamishwa, na barua ya kunijulisha sikuipata. Je, nina utetezi?

Mhamiaji wa Fort Worth

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo ya waliowahi kupitia mahakama za Texas kwa makosa ya barabarani. Wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nikitoka zamu ya usiku kwenye ghala, askari alinisimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ya gari langu haikuwa ikiwaka, na ni kweli haikuwa ikiwaka. Alichukua leseni na kadi yangu ya bima, akarudi kwenye gari lake, na aliponijia tena dirishani baada ya kama dakika kumi alikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Aliniambia kwamba leseni yangu imesimamishwa tangu Machi. Nilimjibu kwamba nilijua kulikuwa na mambo ya bima, ila nilidhani yamekwisha.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 2022, na tena 2023, nikiwa bado Houston, niliandikiwa tiketi za kuendesha bila bima. Zote mbili nililipa kwa simu siku ile ile, kwa kuwa sipendi deni liniandame. Januari mwaka huu nilihamia huku. Posta niliijulisha anwani mpya, mwajiri nilimjulisha, lakini idara inayotoa leseni sikuijulisha, kwa kuwa sikujua kwamba natakiwa kufanya hivyo. Siku niliyosimamishwa nilikuwa na bima halali.

Rafiki zangu wananishauri nilipe tiketi hii nayo niondokane nayo, maana faini haizidi dola 500. Mke wangu ni mjamzito, kazini ni maili 22 kutoka nyumbani, na saa ninazotoka zamu hakuna basi. Mimi ni mkazi wa kudumu, bado sijaomba uraia. Je, nilipe, au nina la kujitetea?

Msaidizi wa Mawakili

Ndugu yangu, pole sana, na tafadhali usiilipe tiketi hiyo kabla hujasoma haya hadi mwisho. Mimi si wakili. Nimefanya kazi katika ofisi ya mawakili wa jinai hapa Texas kwa miaka tisa, na kesi za namna hii nimeandaa majalada yake mengi, kwa hiyo nakueleza ninayoyajua ili uende kwa wakili ukiwa na maswali yaliyonyooka.

Huku Texas, kulipa tiketi ya kosa dogo ni sawa na kwenda mbele ya hakimu na kukubali kuhukumiwa bila kujitetea. Ndivyo ulivyofanya mara mbili Houston bila kufahamu: kila malipo yaliandikwa kuwa hukumu, na hukumu ya pili ya kuendesha bila bima ndiyo inayoilazimu Idara ya Usalama wa Umma, hii tunayoiita DPS, kuisimamisha leseni ya mtu asiyewasilisha cheti cha bima kiitwacho SR-22. Hakuna aliyekuambia hivyo kwenye simu, na hilo linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu wanaolipa upesi ni wale wale wanaojitahidi kuwa waaminifu. Ukilipa na hii ya sasa utapata hukumu ya tatu, muda wa kusimamishwa utarefushwa, na siku utakayokamatwa tena kosa halitakuwa tena la faini peke yake, bali la Daraja B, ambalo adhabu yake inafika siku 180 za jela na faini ya dola 2,000.

Sasa utetezi. Kosa lako limo katika kifungu cha 521.457 cha Sheria ya Usafiri ya Texas, na kifungu hicho hicho kinasema kwamba ni utetezi kamili iwapo mshtakiwa hakupata taarifa halisi ya kusimamishwa kwa leseni. Kinga hiyo haiwahusu waliosimamishwa kwa sababu ya kuhukumiwa kwa makosa mazito kama kuendesha wakiwa wamelewa, lakini suala la bima halimo katika makosa hayo, kwa hiyo mlango uko wazi kwako. Ugumu ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wako. Si lazima uthibitishe pasipo shaka yoyote. Inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Na sheria inachukulia kwamba taarifa ilikufikia ikiwa iliwekwa posta kwa mujibu wa taratibu, mpaka wewe ulete ushahidi wa kuipinga dhana hiyo.

Kwa maneno mengine, kesi yako nzima inasimama juu ya barua moja. Ilitumwa tarehe gani, kwa anwani ipi, na siku hiyo wewe ulikuwa ukiishi wapi? Omba DPS rekodi yako ya udereva iliyothibitishwa uone tarehe ambayo usimamishaji ulianza kutumika, maana nimewahi kuona jalada ambalo siku ya kukamatwa ilitangulia tarehe hiyo, na shtaka likafutwa bila mabishano. Kisha tafuta mkataba wako wa nyumba ya Fort Worth, bili za umeme, na kile kithibitisho cha posta cha kubadilisha anwani.

Nisikufiche udhaifu uliopo. Sheria inamtaka kila mwenye leseni kuijulisha DPS ndani ya siku 30 anapohama, na mwendesha mashtaka atakuuliza kwa nini hukufanya hivyo. Kutojulisha hakuondoi utetezi wako, kwa kuwa swali la kifungu ni kama taarifa ilikufikia, lakini kunampa mwendesha mashtaka la kusema, na pia ni kosa dogo linalojitegemea. Jambo la pili ni yale uliyomjibu askari. Kujua kwamba uliwahi kuwa na tatizo la bima si kujua kwamba leseni imesimamishwa. Hata hivyo kamera ya kifuani ilikuwa ikirekodi, na ni lazima wakili wako aisikilize sentensi hiyo neno kwa neno. Sheria ya Michael Morton, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inamlazimu mwendesha mashtaka kuutoa ushahidi huo anapoombwa.

Kuhusu kusimamishwa kwenyewe barabarani sioni pa kushika. Tangu kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, mwaka 1979, askari haruhusiwi kusimamisha gari ovyo ili akague leseni tu, na mwaka 2020, katika Kansas dhidi ya Glover, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba askari aliyekwishaona kuwa mwenye gari amenyang'anywa leseni anaweza kulisimamisha, isipokuwa akiwa na habari kwamba anayeendesha ni mtu mwingine. Wewe taa ilikuwa imekufa. Askari alikuwa na sababu.

Mkalimani wa Mahakamani

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema ndugu yetu, nami naongeza la lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Hata kama Kiingereza chako kinakutosha kazini, una haki ya kuomba mkalimani aliyeapishwa. Kifungu cha 38.30 cha Kanuni za Mwenendo wa Jinai za Texas kinaihusu haki hiyo. Omba mapema kwa maandishi, na useme Kiswahili unachokizungumza ni cha wapi, kwani nimeona mtu wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wakipotezana katika sentensi tatu za mwanzo.

Katika kesi hii maneno yana uzito usio wa kawaida. Sheria inatofautisha leseni iliyosimamishwa, iliyofutwa, iliyomalizika muda wake, na ile ambayo mwenyewe amenyimwa kuihuisha. Nilishuhudia mshtakiwa akisema "nilijua leseni imekwisha", akimaanisha kwamba tarehe yake ilikuwa imepita, na mkalimani aliyekuwapo akaifasiri kana kwamba alijua amenyang'anywa. Mzee wa watu alikaa chini akidhani amejitetea. Kwa hiyo, ndugu, zoea tangu leo kusema "muda wa leseni umepita" ukimaanisha muda, na "leseni imesimamishwa" ukimaanisha hatua ya idara.

Mhamiaji wa Fort Worth

Nawashukuru sana. Nimepata mkataba wangu wa nyumba. Umesainiwa Januari 14. Jana nilimpigia jirani yangu wa zamani wa Houston, mama mmoja anayeishi mlango wa pili, akaniambia kwamba aliyehamia pale kwangu alikuwa akiziweka barua zangu juu ya visanduku vya barua kwa wiki kadhaa, kisha zikatupwa. Je, maneno yake yanafaa kitu? Na kazini nitafikaje? Kwa siku hizi nne nimeendelea kuendesha, na ninaogopa.

Dereva wa Masafa Marefu

Kaka, weka funguo chini leo hii. Kila safari ni kosa jipya. Kama una nia ya kuingia kwenye malori siku za usoni, kama wenzetu wengi huku, fahamu kwamba mwenye leseni ya biashara akikutwa akiendesha lori ilhali leseni hiyo imesimamishwa kwa makosa aliyoyafanya akiendesha lori, sheria ya shirikisho humwondoa barabarani mwaka mzima kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya pili huweza kumwondoa maisha. Vilevile sisi wa leseni za biashara hatupewi ile nafuu ya hakimu kuahirisha hukumu na kuifuta kesi mtu akitimiza masharti. Wewe unaweza kuipata, kwa hiyo iulizie kabla hujafikiria kitu kingine.

Msaidizi wa Mawakili

Ndugu yangu, huyo mama ni shahidi wa maana kuliko karatasi zako zote. Yeye aliziona barua zikikaa nje na zikitupwa, na aliyeona kwa macho yake anaweza kuapishwa na kuulizwa. Mwombe kwa heshima kama atakubali kuzungumza na wakili wako. Usimwandikie maneno ya kusema.

Kuhusu kazi, iko leseni ya muda ya mahitaji ya lazima ambayo unaiomba mahakamani. Hakimu akikubali, anakupangia saa na njia za kwenda kazini, shuleni, au kwenye shughuli za lazima za nyumbani. Kwa kawaida ni saa 4 kwa siku, na zinaweza kufika 12 ukionyesha haja. Mke mjamzito mwenye miadi ya kliniki ni haja, na barua ya mwajiri inayotaja saa za zamu ni haja. Utahitaji SR-22 kwa ajili ya ombi hilo, na hiyo hiyo ndiyo itakayokurudishia leseni yako kamili pamoja na ada ya kuirejesha, ambayo ni dola 100. Piga simu kwa wakala wako wa bima kesho asubuhi. Mshtakiwa anayefika mbele ya mwendesha mashtaka akiwa amekwisha kuirekebisha leseni yake mara nyingi hupewa shtaka jepesi zaidi au ule uahirishaji aliokutajia dereva, na huenda usihitaji kabisa kupanda kizimbani kuieleza ile barua.

Mwambie wakili hali yako ya uhamiaji siku ya kwanza. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, ni wajibu wake kukushauri kuhusu hilo kabla hujakiri lolote, na fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kuandikiwa kosa. Kosa la faini pekee halikupi haki ya wakili wa serikali, kwa hiyo tafuta kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe, na uangalie nyuma ya tiketi: pameandikwa tarehe ya mwisho ya kujibu. Jibu kwa maandishi kwamba unakana shtaka, tuma kabla ya tarehe hiyo, na ubaki na nakala yenye mhuri.