Laptopu ndogo inazima ghafla betri ikiwa asilimia 41: shida ni betri au kipimo?

mwana_igoma

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kuhusu laptopu ya inchi 11.6 inayotumika kwenye banda la fotokopi hapa Igoma. Muda mwingi iko kwenye chaja, betri inafanya kazi pale tu umeme unapokatika. Lebo ya betri imeandikwa 11.4V, 42Wh, seli 3.

Ikishuka hadi asilimia 41 inazima papo hapo, bila onyo lolote. Ukichomeka chaja na kuiwasha inasoma asilimia 6.

Nimetoa ripoti kwa amri ya `powercfg /batteryreport`. DESIGN CAPACITY (ujazo wa kiwandani) ni 42,000 mWh, yaani miliwati-saa, ndiyo 42Wh ya lebo; FULL CHARGE CAPACITY (ujazo betri ikijaa sasa) ni 37,620 mWh; CYCLE COUNT (idadi ya mizunguko ya kuchaji) kuna kistari tu. Kwa hesabu hiyo betri imebaki na asilimia 90 ya ujazo wake, yaani bado nzima. Nimeshaondoa kiendeshi (driver) cha betri kwenye Device Manager ya Windows na kuwasha upya, hakuna kilichobadilika. Ninunue betri au nipige Windows upya?

volti_tatu

Mkuu, usipige Windows upya, utapoteza siku nzima bure. Kuondoa kiendeshi nako hakusaidii, maana namba unazoziona hazitunzwi na Windows. Zinatoka kwenye saketi ndogo iliyomo ndani ya betri yenyewe, hicho ndicho kipimo.

Saketi hiyo inahesabu mkondo unaoingia na unaotoka, halafu inagawanya kwa ujazo inaoamini betri inao. Imani hiyo inarekebishwa vizuri pale betri inaposhuka mpaka karibu na mwisho kisha ikajazwa bila kukatizwa. Betri ya bandani kwako haishuki hivyo, kwa hiyo 37,620 ni namba ya zamani. Seli zimechoka, kipimo hakijapata habari.

Piga hesabu. Kutoka 100 hadi 41 umetumia asilimia 59. Asilimia 59 ya 37,620 ni kama 22,200 mWh, na huo ndio ujazo wako halisi: nusu ya betri na kidogo. Ukitaka uhakika, fungua ripoti ileile, shuka hadi sehemu ya Battery capacity history. Ukiona 37,620 inajirudia wiki hadi wiki bila kusogea hata kidogo, jua kipimo kimelala.

Sasa pima volti, maana hapo ndipo seli mbovu inapojionyesha. Chomoa chaja, fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows), andika:

`Get-CimInstance -Namespace root/wmi -ClassName BatteryStatus`

Angalia mistari ya Voltage (iko kwa milivolti) na DischargeRate (kasi ya kutumia umeme, kwa miliwati). Soma betri ikiwa kama asilimia 45: mara ya kwanza laptopu ikiwa imetulia, mara ya pili video ikicheza na mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa. Hifadhi kazi zako kwanza, maana inaweza kuzima hapohapo.

Seli tatu zimefuatana kama mabehewa. Saketi inakata umeme seli moja tu ikishuka chini ya kikomo chake, kwa kawaida karibu na volti 3, hata kama wenzake wawili bado wana nguvu. Kwa hiyo jumla ikiporomoka kwa zaidi ya volti moja mara tu mzigo unapoongezeka, kuna seli iliyokufa nguvu. Ikishuka taratibu na kidogo, seli zimezeeka kwa pamoja na shida iliyobaki ni kipimo kudanganya. Ukiwa na Linux, namba hizo ziko `/sys/class/power_supply/BAT0/` (kwenye mashine nyingine ni BAT1), faili la voltage_now, kwa mikrovolti.

Kusahihisha kipimo: jaza hadi 100, iache kwenye chaja saa 2 zaidi ipoe. Chomoa, ingia kwenye ukurasa wa BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na uiache hapo mpaka ijizime yenyewe. BIOS ni bora kuliko Windows kwa kazi hii kwa sababu hailali wala haijizimi kwa kufuata asilimia. Iache saa 3 hadi 5 ikiwa imezimwa, kisha ijaze mfululizo mpaka 100. Umeme ukikatika katikati, rudia.

nansio_sola

Naongezea jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Kabla ya kuishusha hadi mwisho, iweke laptopu juu ya meza iliyonyooka. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, au padi ya kugusa imeinuka na kubofya kwake kumekuwa kugumu, betri imevimba. Hapo usisahihishe kitu. Izime, fungua mfuniko wa chini, chomoa plagi ya betri, tumia chaja tu mpaka upate nyingine. Usiitoboe kutoa hewa, na usiitupe jalalani wala ziwani.

Pia usifanye zoezi hilo kila wiki. Mara moja kwa miezi 2 au 3 inatosha, kwa sababu kushusha betri ya lithiamu hadi chini kabisa kunaichakaza. Halirudishi uwezo uliopotea, linaifanya namba iseme kweli tu.

Kinachoua betri za mabandani ni mambo mawili yakikutana: kushinda kwenye asilimia 100 na joto la mabati mchana. Kama BIOS yako ina sehemu ya kuweka kikomo cha chaji, weka 80. Ikigoma kupita 80 baada ya hapo, usiseme imeharibika, ndivyo ulivyoiamuru.

mwana_igoma

Asanteni sana. Haijavimba, padi iko sawa. Majibu ya vipimo, betri ikiwa asilimia 45: imetulia, 11,080 mV. Video ikicheza, 9,610 mV. Baada ya kusahihisha, FULL CHARGE CAPACITY inasoma 21,840 mWh, na sasa inashuka mpaka asilimia 5 ndipo inazima.

volti_tatu

Umeshuka volti 1.47 kwa video tu. Seli moja imekwisha, nunua betri. Kwa sasa una 21,840 mWh, na laptopu ya aina hiyo ikila wati 7 unapata saa 3 hivi. Kwa kuandika itavumilia, kwa video itakuangusha.

Usikubali kubadilishiwa seli peke yake. Saketi itabaki na kumbukumbu ya ujazo wa zamani, na nyingine hujifunga kabisa zikitenganishwa na seli. Nunua betri nzima yenye namba ya modeli ileile na 11.4V ileile. Usichukue ya 10.8V eti plagi imeingia: seli za 11.4V zinajazwa hadi volti 13 na kitu, za 10.8V zinaishia 12.6.

Nenda dukani na laptopu yako. Funga betri, soma Voltage kabla ya kuchaji. Ikiwa chini ya 9,000 mV imekaa stoo mpaka ikafa, iache. Usitegemee CYCLE COUNT, inaweza kuandikwa upya. Omba siku mbili za kujaribu: ijaze, itumie saa 1 kamili, linganisha mWh zilizopungua na DischargeRate. Ikila wati 7 kwa saa nzima, zipungue kama 7,000. Endelea mpaka izime. Ikizima katikati tena, irudishe.