Naomba ushauri, mfupa umerefuka unambana mama shingoni

Wakuu habari zenu, niko Kigoma Ujiji, mama yangu mwaka wa pili huu shingo inamuuma, akimeza anahisi kama mwiba wa samaki umekwama, akigeuka tu sikio linavuma na kichwa kinajaa, tumetibu meno tumetibu tonsesi wapi. Juzi siti skani imeonyesha mfupa mwembamba wa chini ya sikio, sitiloidi, una sentimita 4 na nusu wakati kawaida ni kama 2 na nusu, unabana neva na mshipa mkubwa unaoshusha damu toka kichwani, wanaita ugonjwa wa Eagle. Dokta anashauri ukatwe. Kuna aliyefanyiwa? Walipitia mdomoni au shingoni, na mshipa ulifunguka baadaye? Twende Bugando au Muhimbili? Mama anaogopa kisu jamani, na mimi silali.