Uzi unajifunga mafundo kila nikirusha, na samaki akishika unakatika. Nakosea wapi?

kijana_wa_umoja
Habari zenu wakuu. Nimeanza kuvua na fimbo ya rili, ile mashine ya kuzungushia uzi, miezi miwili sasa, kabla ya hapo sikuwa nimewahi kushika moja. Fimbo ni futi saba, rili ni ya spini, uzi ni nailoni ya kilo 4. Jumamosi tulienda Naivasha na jamaa yangu, na kila nikirusha mara nne tano hivi uzi unatoka kwa spuli, pale unapozungushiwa kwa rili, kama nywele, unajifunga fundo kubwa mpaka nakata na kisu. Nikadhani ni juu rili imelegea, nikakaza ile nobu ya mbele mpaka ikagoma kuzunguka. Baadaye tilapia mmoja mkubwa akashika, nilimwona kabisa akigeuka karibu na mafunjo, akavuta mara moja tu uzi ukaenda. Imeniuma hadi leo. Na kurusha pia ni shida, chambo kinaanguka hapa miguuni ama kinapaa juu sana. Nisaidieni, nataka kurudi mwisho wa mwezi.

mzee_wa_ngong
Pole kijana wangu. Umechanganya vitu viwili. Hiyo nobu ni breki, kazi yake ni kuachilia uzi samaki akivuta kwa nguvu, kulegea kwake sio kulikokuletea hayo mafundo. Ukiikaza mpaka mwisho uzito wote wa samaki unabebwa na uzi peke yake na ndio maana ulikatika. Kipimo ni karibu robo ya nguvu ya uzi, kwa hivyo wewe na uzi wa kilo 4 unataka breki ianze kuachilia kwa kilo moja. Huhitaji mizani, chukua chupa ya lita moja ujaze maji, hiyo ni kilo moja, funga uzi kwa shingo ya chupa bila kuupitisha kwa pete za fimbo, shika rili uinue. Chupa ikining'inia bila kushuka, legeza kidogo kidogo mpaka uzi uanze kutoka polepole. Hapo acha.
Na samaki akiwa anavuta uzi unatoka, usizungushe mkono wa rili! Kila mzunguko hapo unausokota uzi na kesho yake utaona mafundo mapya. Ngoja apumzike, inua fimbo, kisha zungusha ukiishusha.

binti_wa_likoni
Mie nimekulia pwani, kwetu twavua kwa mshipi wa mkono, hakuna rili, na kitu cha kwanza baba alinifunza ni kwamba mshipi usilegee kidoleni hata kidogo. Kwa rili ni vivyo hivyo. Mafundo yako kaka yatokana na ulegevu. Ulipojaza spuli ulishika uzi kwa kitambaa chenye maji ukaubana? Kama hukubana, umekaa ovyo, na duara la juu latoka likivuta la chini. Utoe wote ujaze upya, na usijaze mpaka ukingoni, bakisha kama milimita mbili tatu.
Halafu ukisharusha, ule waya wa rili uliopinda mbele ya spuli, ufunguliwao wakati wa kurusha, ufunge kwa mkono wako, sio kwa kuzungusha rili, kisha vuta uzi kwa vidole mpaka uukaze ndio uanze kuzungusha. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanazungusha uzi uliolegea, unaingia kwenye spuli kama kitanzi, na mrusho unaofuata ni fundo.
Kurusha: chambo kining'inie urefu wa rula ya shule kutoka ncha ya fimbo. Bana uzi kwa kidole cha shahada, fungua waya, peleka fimbo nyuma taratibu, kisha mbele kwa haraka usimamishe ikiwa bado imeinuka mbele yako, na hapo hapo uachie kidole. Kikianguka miguuni umechelewa kuachia, kikipaa umewahi. Nguvu si kitu, fimbo ndiyo irushayo.

kijana_wa_umoja
Asanteni sana mzee na dada. Nimejaza uzi upya jana usiku, mke wangu ameshika kitambaa mimi nazungusha, leo asubuhi nikaenda kiwanja cha mtaa nimefunga nati badala ya ndoano ndio nisiumize mtoto wa mtu. Nimerusha kama mara arobaini, fundo moja tu, na hiyo ni mara moja nilisahau kuvuta uzi kabla ya kuzungusha. Chupa pia nimejaribu, breki yangu ilikuwa imekazwa vibaya sana. Swali la mwisho, breki naiacha hivyo hivyo nikimaliza kuvua?

mzee_wa_ngong
Legeza kabisa ukifika nyumbani, vile vidude vya ndani vikikaa vimebanwa miezi vinaharibika na breki inaanza kuruka ruka. Ukirudi ziwani pima na chupa tena. Fundo la ndoano nalo ulilowanishe mate kabla ya kukaza, nailoni kavu inajichoma ikisuguana na inakatikia hapo. Na pale kwa mafunjo usisimame jioni, viboko wanatoka kula.