Naomba softwea ya bure ya kujua data ya uzito inafuata distribusheni gani (yaani namba zimetawanyika kwa umbo gani), Minitab ya majaribio imeisha

QC_Sembe
Wakuu habari zenu. Niko kitengo cha ubora kwenye kinu cha sembe huku Iringa, tunafungasha pakiti za kilo 2. Nimepima pakiti 400 kwa wiki moja, mizani ni ileile moja, namba zote nimeziweka Excel. Meneja anataka Ppk ya laini, yaani kipimo cha laini inavyokaa ndani ya vikomo, kabla ya Ijumaa. Nikachukua Minitab, programu ya takwimu, ile ya majaribio ya siku 30, ikasema data si nomali (lile umbo la kengele), p ya jaribio la Anderson-Darling iko chini ya 0.005, nikaingia sehemu yake inayojaribu distribusheni 14 kwa mpigo, Weibull, gama, lognomali, lojistiki na wenzake, hakuna hata moja iliyopita. Nikajaribu kuzigeuza namba ziwe nomali, Box-Cox ikagoma, Johnson nayo ikagoma. Sasa siku 30 zimekwisha na leseni ofisini hawawezi kulipia kwa sasa. Wastani wangu ni gramu 2,012 na SD (mtawanyiko) ni 12, kikomo cha chini nimeweka 1,970. Kuna programu ya bure yenye distribusheni nyingi zaidi ya hizo? Mama akinunua kilo 2 dukani anatakiwa apate kilo 2, sitaki kupeleka namba ya kubahatisha.

takwimu_za_bure
Mkuu, shusha R, programu ya takwimu, ni bure kabisa, halafu ndani yake weka kifurushi kinaitwa fitdistrplus. Amri za kuanzia ni tatu tu: descdist inakuonyesha data yako imekaa eneo gani kwa mpindo (imeegemea upande gani) na kurtosisi (uzito wa mikia), fitdist inakadiria parameta za distribusheni uliyoitaja, na gofstat inazilinganisha kwa AIC, alama ya ulinganisho, yenye AIC ndogo ndiyo inayoongoza. Python nayo inafanya kwa scipy lakini kwa mtu anayeanza R ina grafu nzuri zaidi kwenye kazi hii, hasa qqcomp, inakuwekea distribusheni zote kwenye mchoro mmoja unaona kwa macho mkia wa chini nani anaufuata nani anaukimbia. Na kwako mkia wa chini ndio kila kitu.

Ila nikwambie ukweli, kuongeza distribusheni hakutakusaidia sana. SD 12 kwa wastani 2,012 ni asilimia 0.6 tu. Kwa mtawanyiko mdogo hivyo nomali, gama na lognomali zinalaliana kabisa, ukizichora huwezi kuzitenganisha, kwa hiyo nomali ikikataliwa na hao wengine watakataliwa palepale. Weibull ya parameta mbili ndiyo iko tofauti, shepu yake itatoka zaidi ya 200 na mkia wake utavutika kushoto, kama data yako haijavutika kushoto achana nayo. Pia usitumie jaribio la Kolmogorov-Smirnov na jedwali lake la kawaida wakati parameta umezikadiria kwa data hiyohiyo, mtakwimu Lilliefors alishaonyesha mwaka 1967 kwamba jedwali hilo halifai hapo, litakupitishia vitu visivyostahili kupita.

Naomba unipe vitu viwili: kurtosisi, na mizani yako inasoma kwa hatua ya gramu ngapi?

QC_Sembe
Asante sana kaka. Mizani inaruka tano tano, yaani 1,995, 2,000, 2,005. Kurtosisi ya Excel imetoka -0.9. Mpindo ni karibu na sifuri.

fundi_packing
Samahani naingilia, mimi si mtu wa takwimu, ni fundi wa mashine za kufungasha, niko Eldoret. Hiyo mashine yako ina hedi ngapi za kujazia? Kwa sababu nimeshaona hii kitu mara nyingi, mashine ina hedi mbili, operata anachukua pakiti kwenye mkanda bila kujua imetoka hedi gani, anaandika tu uzito. Hedi moja parafujo yake imelika au unga umeganda ndani ya faneli, inajaza kidogo kuliko mwenzake, basi ukiweka zote pamoja unapata milima miwili na hakuna jina la distribusheni litakalokaa hapo. Simamia mwenyewe hapo mashineni dakika kumi tu, chukua pakiti 30 hedi ya kwanza, 30 ya pili, uziandike mbalimbali. Kabla ya softwea yoyote.

takwimu_za_bure
Fundi amegonga penyewe. Kurtosisi ya Excel imeshatolewa 3, kwa hiyo -0.9 ni sawa na 2.1 ya kawaida, nomali ni 3 na yunifomu, ile iliyo bapa, ni 1.8. Mpindo sifuri na kurtosisi ya chini hivyo ni dalili kubwa ya vilima viwili vinavyofanana ukubwa. Kwenye grafu ya descdist nukta yako itaangukia eneo la beta karibu na yunifomu, na mtu asiye makini atakimbilia kufiti beta, itakubali kwa mbali lakini haina maana yoyote kiwandani.

Na hizo tano tano za mizani nazo zinachangia. Anderson-Darling inadhani namba zako zinaweza kuwa yoyote bila kuruka hatua, sasa ikikuta pakiti 60 zote zina 2,010 kamili inakataa hata kama mashine ni nzima. Dawa yake ni fitdistcens kwenye kifurushi hichohicho, unaipa safu mbili, left na right, pakiti ya 2,005 unaiandika 2,002.5 hadi 2,007.5, inakadiria kwa kujua kwamba uzito halisi uko humo katikati.

dada_maabara
Hiyo fitdistcens mimi ndiyo nilikuwa naitafuta! Niko maabara ya nafaka, tunapima aflatoksini, sumu ya ukungu, kwenye mahindi, kiwango cha Afrika Mashariki ni 10 ppb (sehemu kwa bilioni) kwa jumla na 5 kwa aina ya B1. Kifaa chetu cha kupimia hakisomi chini ya 2, kwa hiyo nusu ya sampuli zinatoka "chini ya 2" na tulifundishwa kuandika 1 tu tuendelee, lakini lognomali ikifitiwa hapo histogramu ina mnara mmoja mkubwa kwenye 1, inaniumiza roho kila nikiisaini. Hii kitu si mchezo, mwaka 2004 Kenya upande wa mashariki, Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hii. Je naweza kuiambia programu kwamba namba siijui ila iko chini ya 2?

takwimu_za_bure
Ndiyo dada, ndivyo ilivyotengenezwa. Kwenye left unaweka NA (yaani haijulikani), kwenye right unaweka 2, basi. Zile zilizosomeka unaandika namba ileile pande zote mbili. Usiandike tena ile 1, inavuruga wastani na SD vyote viwili. Ndani ya kifurushi kuna data ya mfano inaitwa smokedfish, bakteria wa Listeria kwenye samaki wa moshi, nyingi ziko chini ya kiwango cha kupima kama zako, ifungue ufanye nayo mazoezi kwanza. Waliokitengeneza, Delignette-Muller na Dutang, makala yao ya 2015 iko bure mtandaoni na inaeleza hatua kwa hatua.

dada_maabara
Mungu akubariki, naanza leo usiku.

QC_Sembe
Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimefanya kama fundi alivyosema. Hedi ya kwanza wastani 2,022, SD 7. Hedi ya pili wastani 2,002, SD 7 vilevile. Nimezifiti mbalimbali kwa fitdistcens, nomali imekaa vizuri zote mbili, mstari wa QQ, ule mchoro wa kulinganisha data na nomali, umenyooka. Yaani ile 2,012 niliyokuwa naiona nzuri ilikuwa inaficha hedi ya pili, kwa nomali yake karibu pakiti 4 kati ya 10 ziko chini ya kilo 2 kamili. Chini ya 1,970 hakuna. Sasa je, niripoti Ppk mbili au moja?

takwimu_za_bure
Mbili, kila hedi na yake, na uweke histogramu zote mbili ukurasa mmoja ili meneja aone. Halafu kikomo cha 1,970 peke yake hakitoshi, mwongozo wa OIML R 87, wa shirika la kimataifa la vipimo, unaruhusu pungufu ya asilimia 1.5 kwa pakiti moja ya saizi hiyo, ndiyo gramu zako 30, lakini unataka pia wastani wa loti usiwe chini ya 2,000. Hedi ya pili ina gramu 2 tu za akiba, Wakala wa Vipimo wakija siku parafujo imelegea kidogo mmekwisha.

fundi_packing
Funga mashine leo jioni, safisha faneli ya hedi ya pili, pima upana wa parafujo ulinganishe na ya kwanza. Ikiwa imelika usiongeze muda wa kujaza kuficha, badilisha. Na kuanzia kesho weka alama ya kalamu kwenye pakiti za sampuli, H1 au H2.

QC_Sembe
Nimeshaongea na operata wa shifti ya usiku, tunafungua saa mbili. Nitaleta vipimo vya parafujo hapahapa.